Wiki tano Lisbon tukiwa wanne: mji mmoja, mwendo wa taratibu, na dhahabu ya Kilwa

Mwana wa Masoko (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza ni nchi ngapi za Ulaya mtu anaweza kuzimaliza kwa siku kumi na mbili. Nilianza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake. Jibu langu ni mji mmoja. Chagua mji mmoja, keti humo mpaka muuza mboga akuzoee.

Sisi tulikwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwaka 2025, mara baada ya Idi el-Fitri, tukakaa wiki tano, Aprili yote mpaka wiki ya kwanza ya Mei. Tulikuwa wanne: mimi (mzaliwa wa Kilwa Masoko), mke wangu, dada yake (Wapemba wote wawili, wa Wete), na mjomba wangu ambaye ni mwalimu mstaafu wa historia, miaka 73, goti lake moja linamsumbua. Safari tumeiwekea akiba miaka mitatu kwa upatu wa familia. Wengi walitushangaa: pesa yote hiyo mkakae mahali pamoja? Nami nasema hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Nitaandika kidogo kidogo, mtanivumilia.

Mwana wa Masoko

Nianze na nyumba, kwani ndiyo iliyoamua safari ikawaje.

Lisbon ni mji wa vilima. Picha nyingi mnazoziona ni za Alfama, mtaa mkongwe chini ya ngome ya São Jorge, vichochoro na ngazi tupu. Ni pazuri mno, lakini kwa mtu mwenye goti bovu kulala Alfama ni kujitesa. Tukapanga Campo de Ourique, mtaa ulio juu lakini tambarare, mitaa yake imenyooka, una soko lake la tangu 1934 na bustani ambayo wenyeji huiita Jardim da Parada. Hapo ndipo tramu ya 28, gari la reli la mjini, inapoishia. Watalii wengi huipanda upande wa Martim Moniz na kusimama foleni ndefu juani. Sisi tulikuwa tunaipandia mwisho wa njia huku kwetu, kabla ya saa mbili asubuhi, tunakaa madirishani.

Kupanga kwa mwezi kulitupunguzia gharama sana kuliko kulipa usiku kwa usiku. Tulikuwa na jiko, kwa hiyo tulikula hotelini mara chache. Kuna kodi ya jiji ya utalii, euro 4 kwa kila mtu kwa usiku, lakini hutozwa kwa usiku saba tu. Ukikaa wiki tano, wiki nne zilizobaki hulipi.

Usafiri: chukueni kadi ya Navegante yenye picha yako, halafu uweke pasi ya mwezi. Euro 30 ndani ya manispaa ya Lisbon, euro 40 kwa eneo zima la jiji na miji jirani, pamoja na treni za Sintra na Cascais na pantoni za kuvuka mto Tagus. Angalizo: pasi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 mpaka mwisho wa mwezi, si siku 30 tangu uilipie. Panga tarehe zako kwa hilo.

Na kwa wenye wazee: kuna lifti za bure za jiji za kupandia upande wa ngome. Ya kwanza iko Rua dos Fanqueiros pale bondeni Baixa, ukitoka juu unatembea hatua chache unapata ya pili. Mjomba alifika karibu kabisa na ngome bila kupanda ngazi hata moja.

Kijana wa Tandika

Mkuu, uzi mzuri sana. Viza mlifanyaje? Na je, wiki tano si mtachoka? Mimi siku ya nne tu ningetaka kuondoka.

Mwana wa Masoko

Viza ni ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya) ya kawaida ya muda mfupi, inaruhusu mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita kabla ya safari. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Jambo lililotusaidia ni kwamba karatasi zetu zilikuwa na hadithi moja iliyonyooka: nyumba moja, mji mmoja, tarehe moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Kuhusu kuchoka, ndugu yangu, siku ya nne ndiyo mtu anapoanza kuona. Siku tatu za kwanza unatafuta vitu ulivyoviona kwenye picha. Baada ya hapo macho yanatulia.

Ratiba yetu ilikuwa nyepesi. Asubuhi shemeji na mke wangu wanakwenda sokoni. Saa nne tunakwenda sehemu moja, moja tu. Mchana tunarudi, Mjomba anapumzika. Alasiri tunatoka tena kutembea, na kwa kuwa jua la Aprili kule linazama baada ya saa mbili usiku, mchana ni mrefu ajabu. Tunakaa bustanini, wazee wa pale wanacheza karata, sisi tunatazama. Wiki ya pili wakampisha Mjomba kiti.

Na neno lenyewe nililotumia hapo, karata, ni lao. Shemeji hakusoma Kireno hata siku moja, lakini alianza kukielewa kupitia vitu vya nyumbani. Mesa, meza. Copo, kopo. Caixa, kasha. Bandeira, bendera. Fronha, foronya. Limão, limau. Ananás, nanasi. Lenço, ambalo kwa watu wa Mombasa ndiyo leso. Igreja, yaani kanisa, ndilo lililozaa gereza letu, kwa kuwa kwenye pwani yetu kanisa na ngome vilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Siku moja aliomba "pera" akapewa pea, sio mapera ya kwetu. Neno lilisafiri likabadilishiwa tunda njiani. Kila jioni alikuwa anakuja na neno jipya ameliandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nasubiri daftari lile kuliko chakula.

Nao wamechukua kwetu. Kuku wa kuchoma kwa pilipili kali yuko kila mtaa, na wao humwita wa piri-piri. Hata sambusa zipo, huitwa chamuça, zimo kwenye kabati za vioo za mikahawa, pembeni ya vijipai vyao vya krimu ya mayai. Chewa mkavu wa chumvi, bacalhau, huloweshwa siku nzima na zaidi, maji yakibadilishwa, kabla hajapikwa. Mke wangu alipomshika mara ya kwanza alisema huyu ni ndugu wa ng'onda, akamtia nazi ya kopo. Sijala samaki kama yule tena.

Bint Mvita

Assalaam aleykum mleta uzi. Nasoma kwa makini na naupenda uandishi wako. Lakini nina swali linanikera moyoni. Lisbon ni mji wa akina Vasco da Gama. Mombasa yetu waliichoma 1505, wakarudi wakaichoma tena. Kilwa yako pia waliiteka mwaka huohuo. Mtu wa pwani aende akafurahie makaburi yao na minara yao kweli? Mimi naishi hatua chache kutoka Fort Jesus, kila siku nauona ukuta ule.

Mwana wa Masoko

Wa aleykum salaam dada yangu. Swali lako ndilo lililomtoa Mjomba nyumbani. Kabla ya safari alisema: "Mimi siendi kustarehe, nakwenda kuona kitu chetu." Hatukumwelewa.

Naomba nikueleze siku mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa Belém, ukingo wa mto, mahali merikebu zao zilipong'oa nanga 1497. Kuna monasteri ya Jerónimos, ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya fedha yake ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba, mafundo na mimea ya baharini. Ndani ya kanisa, ukiingia tu, kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, 1524. Mabaki yake yalipelekwa pale 1880. Mjomba alisimama mbele ya lile jiwe muda mrefu, mikono nyuma. Hakuomba wala hakulaani. Alisema tu, "Malindi walikupa rubani," akaondoka.

Mbele zaidi, karibu na maji, kuna mnara wa 1960 wenye sura ya merikebu, umejaa sanamu za mabaharia na wafalme. Chini yake, sakafuni, kuna ramani kubwa ya dunia ya mawe ya rangi, yenye miaka waliyofika kila pwani. Watoto wanaikimbilia na kurukaruka juu ya mabara. Mke wangu alivua viatu akasimama kwenye pwani yetu. Nilimpiga picha, lakini ukiniuliza nilijisikiaje, nilijisikia uzito. Mnara ule unawaonyesha waliofika tu. Waliofikiwa hawamo.

Siku ya pili ilikuwa wiki ya tatu, na ndiyo sababu nasema watu wakae. Mtu wa siku tatu haendi jumba lile. Ni makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes, kutoka kwetu ni mteremko wa miguu. Ndani yake kuna kitu kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha dhahabu ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi, mkate wao mtakatifu, ionekane na waumini. Sonara wake ni Gil Vicente, na kilimalizika 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake, na rangi za enameli hazijafifia. Ni kazi ya mikono ambayo inakuziba mdomo.

Na dhahabu yake ni ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi la merikebu zenye mizinga, akatia nanga Kilwa, akamlazimisha Amir Ibrahim alipe kodi ya utii, mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito). Ni dhahabu iliyotoka Sofala na bara la Zimbabwe, iliyolijenga kasri la Husuni Kubwa na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Aliifikisha Lisbon 1503. Mfalme akaamuru iyeyushwe, itengenezwe chombo cha kanisa la Belém. Na si simulizi ya mtu: kwenye kitako cha chombo, kwa herufi za enameli, imeandikwa kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Mimi nimezaliwa Masoko. Kisiwani nakiona ng'ambo ya maji tangu nikiwa mtoto. Magofu yake nimecheza ndani yake. Nimesoma shuleni kwamba Kilwa ilikuwa tajiri, nikajibu mtihani, nikapata alama. Sikuwahi kuushika utajiri ule kwa macho mpaka siku ile, nyuma ya kioo, katika nchi ya watu.

Mjomba aliisoma ile herufi kwa herufi, kidole hewani, kama anavyofundisha watoto darasa la kwanza. Alipofika kwenye jina la Kilwa alisimama. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alimletea kiti. Akamuuliza kwa Kiingereza cha shida anatoka wapi. Mjomba akaonyesha maandishi, akasema, "Hapa." Yule mama aliweka mkono kifuani. Walikaa hivyo, wala hawakuwa na lugha ya kuongea zaidi.

Tulirudi kukitazama mara nne zaidi kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo dada, sikwenda kufurahia makaburi. Lakini nisingekwenda, nisingejua chetu kiko wapi na kinafananaje.

Bint Mvita

Nimelia. Ahsante kwa kunijibu. Sikuwa najua kuhusu dhahabu hiyo. Mjomba apewe salamu zangu.

Mkaazi wa Amadora

Salamu wakuu. Mimi ni Mmakonde wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nimekulia Mtwara, sasa naishi Amadora nje kidogo ya Lisbon mwaka wa tisa huu. Mleta uzi kaandika kweli, niongezee mawili.

Kwanza, Waafrika wa Lisbon hatuko Belém. Nendeni Largo de São Domingos, kando ya Rossio, mkawaone Waguinea wakizungumza na kuuza korosho na kola. Uwanja ule una historia ya Weusi ya karne nyingi, maana kanisa la pale lilikuwa na chama cha kidini cha Waafrika. Na mnapopita na tramu ya 28 kuelekea Estrela, ulizeni Rua do Poço dos Negros. Maana yake ni kisima cha Weusi. Mwaka 1515 mfalme huyohuyo Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa wa Kiafrika, maana walikuwa wakiachwa wazi. Leo kuna mikahawa ya kisasa juu ya mtaa ule.

Pili, kodi za nyumba zimetutesa wakazi, na moja ya sababu ni nyumba kugeuzwa za wageni. Mkija, pangeni nyumba iliyosajiliwa, ina namba ya AL (usajili wa nyumba za wageni), na msinunue kila kitu maduka ya watalii. Nunueni sokoni kwa wazee wa mtaa.

Mwana wa Masoko

Ndugu yangu wa Amadora, nashukuru. Kisima cha Weusi tulikifika, tukasoma fatiha. Sikuandika kwa sababu sikujua nianzeje. Umeniandikia.

Nimalizie na Aprili 25, maana inakuhusu wewe pia.

Siku ile ya 1974 maofisa wa vyeo vya chini wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, waliiangusha serikali yao ya kidikteta. Mama mmoja mfanyakazi wa mgahawa, Celeste Caeiro, alikuwa anarudi nyumbani na mzigo wa maua ambayo hayakutumika. Askari akamwomba sigara, hakuwa nayo, akampa ua. Askari akalitia kwenye mtutu wa bunduki, na wengine wakafuata. Ua hilo kwa Kireno ni cravo. Sasa shemeji alikuwa ameshaliandika neno hilo kwenye daftari lake wiki mbili nyuma, sokoni, kwenye rafu ya viungo: cravo ni karafuu. Neno ni moja kwa ua na kwa kiungo. Kwa Mpemba, akisikia watu wanaimba cravo barabarani, unaweza kufikiria.

Kila mwaka alasiri ya siku hiyo watu hushuka Avenida da Liberdade kwa maelfu, ua jekundu kifuani. Tulikwenda. Mjomba alikuwa kimya tangu asubuhi. Mwaka 1974 alikuwa mwalimu kijana mkoa wa Lindi, na aliwaona kwa macho yake vijana wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakipita kwenda kambini Nachingwea. Wengine walikuwa umri wake. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam, 1962. Mondlane, kiongozi wake wa kwanza, aliuliwa Dar es Salaam, 1969. Vita vile ndivyo vilivyowachosha askari hawa mpaka wakageuza bunduki. Mjomba alisema, "Watu hawa wanadhani walijikomboa peke yao." Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini angalia wanavyofurahi. Basi vijana wetu hawakufa bure hata kwa hawa." Bibi mmoja alimchomekea ua kwenye koti. Amelikausha ndani ya msahafu... samahani, ndani ya kamusi. Msahafu alikataa mwenyewe.

Kijana wa Tandika

Mkuu, na siku ile umeme ulipokatika Ulaya mlikuwepo?

Mwana wa Masoko

Tulikuwepo, Jumatatu ya Aprili 28. Karibu saa tano na nusu asubuhi karibu Ureno na Hispania zote za bara zikazimika. Treni za chini zikasimama, taa za barabarani zikafa, kadi za benki hazilipi. Watu wenye redio za betri walikuwa kama wafalme. Sisi tulikuwa na pesa taslimu, mishumaa, na jiko la gesi, kwa mazoea ya nyumbani. Mke wangu alipika wali kwa ajili ya ngazi nzima ya jengo letu, wazee wawili wa ghorofa ya nne tukawapelekea. Jioni mtaa mzima ulikuwa Jardim da Parada, watoto wanacheza mpira, watu wanajuana kwa mara ya kwanza. Umeme uliporudi usiku watu walipiga makofi madirishani. Kuanzia siku ile hatukuwa wageni. Weka euro mia za taslimu pembeni, popote uendapo.

Mengine kwa haraka. Sintra nendeni siku ya kazi, asubuhi mapema. Pantoni ya Cacilhas, ng'ambo ya mto, alasiri, kaeni upande wa kulia mnaporudi. Magofu ya kanisa la Carmo, lililopoteza paa kwenye tetemeko la Novemba 1, 1755, yaacheni siku ya anga safi. Viatu viwe vya soli inayoshika, yale mawe meupe ya barabarani yakilowa ni utelezi. Majumba mengi ya zamani hufungwa kwa ukarabati, kwa hiyo angalia kabla hujaondoka nyumbani.

Mwalimu Kisiwani

Habari Mwana wa Masoko. Mimi nafundisha hapa Kilwa Kisiwani. Nimewasomea watoto wa darasa la sita kipande cha ile dhahabu. Wanauliza kama una picha inayoonyesha jina la Kilwa pale chini.

Mwana wa Masoko

Ninayo mwalimu. Mjomba ameichapisha kubwa, ukubwa wa kalenda, na chini yake ameandika tafsiri kwa mkono wake. Anataka kuileta mwenyewe. Jumamosi tutavuka na mashua ya asubuhi, watoto watusubiri pale pwani.